Matembezi ya Jumapili Yaliyofika Mahakamani

Kutembea kwa miguu kwa ajili ya starehe tu, bila kutumwa wala kufuata riziki, huonekana kuwa jambo dogo lisilostahili kuandikwa katika historia. Mwanafunzi akiulizwa alitumiaje likizo yake naye akajibu kwamba alizunguka mwituni akitazama miti na ndege, aghalabu wenzake humcheka. Walakini wako watu waliofungwa gerezani kwa sababu ya matembezi ya namna hiyo.

Katika karne ya 19 mji wa Manchester, kaskazini mwa Uingereza, ulijaa viwanda vya pamba. Wanaume, wanawake na hata watoto walikesha na kushinda katika mvumo wa mashine na vumbi la nyuzi. Baada ya madai ya miaka mingi, sheria ya 1847 iliweka kazi ya wanawake na vijana katika viwanda vya nguo isizidi saa kumi kwa siku, na sheria ya 1850 ikaamuru waachwe huru Jumamosi saa nane mchana. Basi watu wakapata nafasi ya kupumua. Swali likawa, waende wapi?

Karibu na mji ipo milima, na mmojawapo ni Kinder Scout, wenye urefu wa mita 636 hivi. Zamani sehemu kubwa ya nyika za Uingereza ilitumiwa na wanakijiji kwa pamoja, kabla ya sheria kuzigawa na kuzitia mikononi mwa wenye mali. Mabwana hao walizitumia hasa kwa kuwinda ndege wa jamii ya kwale, kazi ya siku chache tu katika mwaka. Siku nyingine zote walinzi waliwafukuza wapitao. Mnamo 1884 mbunge James Bryce alipeleka bungeni mswada wa kuwaruhusu watu kutembea milimani, lakini haukupita. Miswada mingine iliyofuata haikufanikiwa zaidi.

Jumapili, tarehe 24 Aprili, 1932, mamia ya vijana walikusanyika katika kijiji cha Hayfield. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa na umri wa miaka 20. Aliwahutubia katika machimbo ya mawe yaliyoachwa, kisha wakaupanda mlima huku wakiimba. Juu ya mteremko waliwakuta walinzi wenye fimbo. Pakatokea mapambano mafupi, na mlinzi mmoja akaumia. Vijana wakasonga mbele, wakakutana na wenzao waliotoka upande wa pili, kisha wakashuka kwa furaha. Kumbe polisi wanawangoja. Watano walihukumiwa vifungo vya miezi miwili hadi sita, naye Rothman akapata minne.

La ajabu ni kwamba wakuu wa vyama vya watembeaji wenyewe waliwalaumu vijana hao, wakisema wameharibu mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea kwa adabu. Mimi sioni mazungumzo hayo yalikuwa yamezaa nini tangu 1884. Ukali wa hukumu ndio uliowaamsha watu wengi waliokuwa hawajali. Sheria ya hifadhi za taifa ilipitishwa 1949, na mwaka 1951 milima hiyo ikawa hifadhi ya kwanza ya Uingereza. Haki ya kutembea katika nyika za wazi ilikuja kwa sheria ya 2000. Mnamo Aprili 2002 Duke wa Devonshire aliomba radhi hadharani kwa yale yaliyotendwa wakati wa babu yake. Rothman hakuyasikia, alikuwa amefariki Januari ya mwaka ule ule.

Sisi hapa Kenya tunayo habari inayokaribiana na hiyo, ila yetu imegeuzwa. Msitu wa Karura, kaskazini mwa Nairobi, ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka ule ule wa 1932. Katika miaka ya 1990 sehemu zake zikagawiwa watu binafsi ili wajenge. Waingereza walidai kufunguliwa kilichofungwa. Wakenya walizuia kufungwa kwa kilichokuwa chao. Tarehe 8 Januari, 1999, Profesa Wangari Maathai alikwenda pale na wenzake kupanda mti, akapigwa kichwani na kutoka damu. Mwezi ule ule wanafunzi wa chuo kikuu nao waliandamana, na mpango wa kuumaliza msitu ukakwama.

Leo, siku za Jumapili, watu hutembea Karura chini ya miti mirefu mpaka kwenye maporomoko ya maji, na mwenye subira huweza kuwaona mbega wakiruka matawini. Langoni hulipwa kiingilio. Kwa mzazi mwenye watoto watano na mshahara mdogo, hilo nalo lastahili kuzungumzwa.