Dawa ya Kondoo na Kipimo Chake

Adui wa kondoo wanaosimuliwa sana ni simba, chui na fisi. Hao huja usiku, huacha nyayo na damu, na mchungaji aweza kuwafuata kwa mkuki au kuwazuia kwa boma la miiba. Walakini yuko adui mwingine asiyeacha nyayo. Huingia tumboni pamoja na jani analokula kondoo mwenyewe, na aghalabu mchungaji hutambua kuwako kwake siku mnyama anapolala asiinuke. Habari ya vita vya wanadamu na adui huyu ni habari ya dawa za kunywesha; lakini ni habari ya tabia pia, kwa kuwa dawa baada ya dawa ilipatikana kwa akili nyingi ikapotezwa kwa namna ile ile moja.

Mnyoo wa kuogopwa kuliko wote katika nchi za joto ni yule ambaye wataalamu humwita Haemonchus contortus. Rudolphi alimweleza katika mwaka 1803. Jike lake lina urefu wa sentimita mbili hata tatu, na utumbo wake uliojaa damu umezungukwa na mifuko myeupe ya mayai, hata huonekana kama kamba iliyosokotwa kwa uzi mwekundu na mweupe. Makao yake ni tumbo la nne la kondoo, na chakula chake ni damu. Mnyoo mmoja hupoteza damu kidogo sana, kadiri ya sehemu ya ishirini ya mililita kwa siku. Lakini kondoo mwenye minyoo 5,000 aweza kupoteza robo ya lita kila siku. Ndipo macho hupauka, maji hukusanyika chini ya taya, nguvu huisha, na pengine mnyama hufa hata kabla hajakonda.

Kuzaana kwake kwatisha zaidi. Jike mmoja hutaga mayai 5,000 hata 10,000 kwa siku. Mayai hutoka pamoja na mavi, huanguliwa penye joto na unyevu, na watoto hupanda majani yenye umande wakingoja kuliwa. Wakiisha kuliwa, baada ya majuma matatu hivi huanza kutaga nao. Mzunguko huo ulielezwa kwa ukamilifu na Frank Veglia katika mwaka 1915 huko Onderstepoort, karibu na Pretoria, katika kituo cha utafiti wa maradhi ya wanyama kilichoanzishwa na Arnold Theiler mwaka 1908.

Haikuwa ajabu kwamba kazi hiyo ilifanywa Afrika ya Kusini, kwa kuwa sufu ilikuwa miongoni mwa mali kuu za nchi ile. Katika miaka ya 1890 Duncan Hutcheon, mganga wa mifugo wa serikali katika Koloni ya Rasi, aliwahimiza wafugaji kuwanywesha kondoo wao maji ya mrututu. Baadaye Onderstepoort ilitoa dawa iliyochanganya mrututu na aseniki. Mrututu una siri moja: ukigusa kinywa na koo la kondoo, waweza kufunga mfereji unaopita kando ya tumbo kubwa la kwanza, hata dawa ikafika upesi kule aliko adui. Lakini kondoo ni mnyama asiyevumilia shaba nyingi, na aseniki ni sumu kwa kila kiumbe. Kijiko kilichozidi kilikuwa kifo. Hatari ya dawa zile ilimkumbusha mfugaji kila siku kwamba dawa na sumu hutenganishwa na kipimo.

Ukumbusho huo ulianza kusahauliwa zilipokuja dawa za upole zaidi. Katika mwaka 1938 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba fenothiazini huua minyoo ya mifugo. Kemikali hiyo ilikuwa imetengenezwa tangu mwaka 1883 katika uchunguzi wa rangi. Iligeuza mkojo wa kondoo kuwa mwekundu na kutia sufu madoa, lakini ilikuwa salama kuliko aseniki, na wengine waliitia katika chumvi ya kulambwa ili kondoo waile kidogo kidogo kila siku. Katika mwaka 1957 habari ilitoka Kentucky kwamba wamepatikana minyoo wasiokufa kwa fenothiazini.

Tangu hapo mambo yakaenda mbio. Thiabendazoli ilitolewa mwaka 1961, na dunia ikaisifu kwa nguvu zake na usalama wake. Mwaka 1964 usugu wa minyoo dhidi yake ulikwisha kuandikwa. Jamii ya levamisoli ikafuata mwaka 1966, nayo ikashindwa katika baadhi ya makundi kabla ya miaka kumi na mitano kutimia. Katika mwaka 1981 ikaja ivermektini, iliyotokana na viumbe vidogo vya udongo ambavyo Satoshi Ōmura alivikusanya Japani, na ambayo William Campbell na wenzake waliikuza Marekani. Dawa hiyo iliokoa macho ya watu wengi kwa kuzuia upofu wa mtoni, na wavumbuzi hao wawili walishiriki tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hata hivyo, kabla ya miaka ya 1980 kwisha, kondoo wa Afrika ya Kusini walikuwa wamebeba minyoo isiyoijali. Monepanteli iliingia New Zealand mwaka 2009. Mwaka 2013 habari za kushindwa kwake zilitoka katika nchi hiyo hiyo.

Sababu ya mfuatano huo si kwamba minyoo hujifunza. Katika maelfu ya minyoo wamo wachache ambao kwa urithi wao hawadhuriwi na dawa. Kundi zima likinyweshwa, wanyonge hufa wote, na wachache wale hubaki peke yao. Wafugaji walishauriwa kwa miaka mingi kuwanywesha kondoo wote kisha kuwahamishia malisho safi. Ushauri huo ulionekana kuwa na busara, kumbe malisho safi yalipandwa mbegu ya minyoo sugu tupu. Wengine walikadiria uzito wa kondoo kwa jicho wakatoa dawa pungufu, ambayo huua wanyonge na kuwaacha wenye nguvu ya kadiri. Waswahili husema: chovya chovya yamaliza buyu la asali. Kila unyweshaji usio na haja ulikuwa kidole kimoja zaidi katika buyu.

Jibu la busara lilitoka tena Afrika ya Kusini. Katika miaka ya 1990 François Malan, Jan van Wyk na Gareth Bath walitengeneza kadi ya rangi tano, iitwayo FAMACHA. Mfugaji hufunua ukope wa chini wa kondoo na kulinganisha rangi ya ndani yake na kadi. Aliye mwekundu huachwa, aliyepauka hunyweshwa. Jambo hili lawezekana kwa sababu katika kundi minyoo wengi hukusanyika ndani ya kondoo wachache. Wale wasionyweshwa huendelea kuangusha mayai ya minyoo wanyonge, na wanyonge hao huchanganyika na wale sugu wasipate kutawala malisho. Kadi yafaa kwa minyoo wanyonyao damu tu, wala haiponyi yenyewe. Lakini yamfundisha mfugaji kutazama kabla ya kutenda.

Afrika ya Mashariki nayo ina somo lake. Kondoo wekundu wa Wamasai, waliolelewa kwa vizazi vingi bila chupa ya dawa, walilinganishwa na Dorper huko Diani, katika pwani ya Kenya, kwa wana-kondoo waliozaliwa kuanzia mwaka 1991 hata 1996. Wekundu walikuwa na mayai machache ya minyoo katika mavi yao, damu yao ilikuwa bora, na vifo vyao vilikuwa vichache. Dorper ana mwili mkubwa na bei nzuri sokoni, na kwa tamaa hiyo alichanganywa sana na makundi ya Wamasai tangu miaka ya 1970, hata kondoo wekundu halisi wakawa adimu. Basi wakati dawa zilipokuwa zikipungua nguvu, kinga iliyokuwa ndani ya damu ya mnyama ilikuwa ikiuzwa kwa kilo.

Mwenye kondoo elfu huweza kustahimili hasara ya mwaka mmoja. Mwenye kondoo ishirini hawezi, kwa kuwa kwake kondoo ni ada ya shule, ni kitoweo cha sikukuu, na ni akiba ya siku ya ugonjwa. Kwake yeye dawa iliyopoteza nguvu ni fedha iliyomwagwa chini na mnyama aliyekufa pamoja. Dawa mpya hazitungwi kila siku, na zilizopo ni jamii chache. Zitadumu kadiri zitakavyotumiwa kwa kipimo: uzito ukijulikana, jicho likitazamwa, mgonjwa akitibiwa, na mzima akiachwa.