Mzigo wa Kipandauso ni wa Nani?

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani. Siku ya kichwa chake tuliijua kabla hajasema neno: cherehani imenyamaza, pazia limeshushwa mchana, naye amelala juu ya mkeka, leso ameikaza kichwani mpaka nyusi zimevutika. Ukikaanga samaki siku hiyo, anatapika. Kesho yake asubuhi yuko barazani anakata kitambaa na kucheka, na mteja aliyekosa gauni lake la jana anamtazama juu chini: "Fundi, si tuliambiwa unaumwa? Mbona mzima?"

Maradhi hayo yana jina la Kiswahili, kipandauso, ingawa mjini siku hizi utasikia zaidi "maigreni". Neno letu limeundwa kama kitendawili: kitu kinachopanda uso. Linataja mwendo, na aliyewahi kuuhisi ukianzia shingoni au nyuma ya jicho, ukikwea taratibu hadi kwenye paji, hahitaji kufafanuliwa. Wagiriki wa kale walitazama mahali badala ya mwendo. Walisema hemikrania, nusu ya fuvu, neno ambalo tabibu Galen alilitumia katika karne ya 2, na ambalo Wafaransa walilimega huku na huku mpaka likawa "migraine". Waarabu wana shaqiqa, kutokana na kupasua. Mswahili anayeishi Muscat analijua.

Udhaifu wa kipandauso, kama istilahi, ni kwamba wapo wanaoliita hivyo kila umivu la paji la uso, hata la mafua. Daktari anakusudia jambo mahususi: maumivu yanayokuja na kuondoka kwa vipindi, kila kipindi kikidumu saa 4 hadi 72 kisipotibiwa, mara nyingi upande mmoja, yakipwita na kuzidi ukipanda ngazi, yakiandamana na kichefuchefu au kutovumilia mwanga na kelele. Tukikubaliana hivyo, hatuna haja ya kukopa neno jingine.

Neno la pili ndilo lenye kazi. Wataalamu wa afya ya jamii huzungumzia "mzigo wa maradhi". Zamani hesabu ya afya ya nchi ilikuwa, kwa kweli, hesabu ya makaburi: ugonjwa usioua haukuonekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Christopher Murray na Alan Lopez, wakifanya kazi na Benki ya Dunia na Shirika la Afya Duniani, waliongeza safu nyingine kwenye daftari: miaka ambayo mtu anaishi huku afya yake imepungua. Hata hapo kipandauso kilisahauliwa, kikaja kuingizwa katika hesabu ya mwaka 2000. Hesabu ya mwaka 2016 ilikiweka cha pili duniani, nyuma ya maumivu ya kiuno na mgongo, kwa kuwapotezea watu miaka ya afya wakiwa bado hai. Wanaoishi nacho walikadiriwa kupita bilioni 1, na wanawake ni mara mbili hadi tatu ya wanaume.

Sasa, kipimo hicho wafasiri wetu hukiita "miaka ya kuishi na ulemavu". Hapa ndipo ninapokwama. Mlemavu, katika Kiswahili cha kila siku, ni mtu ambaye hali yake tunaiona na tunajua kesho itakuwapo. Mwambie shangazi kwamba ana ulemavu, atakuuliza wa mguu gani. Neno tunalolihitaji mteja wake alilisema pale barazani bila kujua: mzima. Uzima kwa Kiswahili ni uhai, ni afya, na ni kutopungukiwa, vyote kwa pamoja. Kilichompotea fundi siku ile ni uzima wa siku nzima. Mimi ningeandika "miaka ya uzima iliyopotea".

Hesabu yenyewe si ngumu. Kila hali ya ugonjwa hupewa uzani kati ya 0, ambayo ni uzima kamili, na 1, ambayo ni mauti. Shambulio la kipandauso limepewa 0.441. Tuseme fundi anashikwa mara mbili kwa mwezi, kila mara siku nzima: hizo ni siku 24 kwa mwaka. Zidisha kwa 0.441, unapata siku kumi na nusu za uzima zilizopotea. Upofu una uzani wa 0.187, na wapo walioruka walipoiona tarakimu hiyo: kichwa kimzidi kipofu? Kwa saa zile za shambulio, ndiyo, kadiri waliohojiwa walivyoona. Lakini kipofu anabeba wa kwake siku zote 365, na kwake jibu linafika siku 68. Kipandauso kilipanda hadi nafasi ya pili kwa sababu ya wingi wa vichwa kinavyovikalia.

Na uzani huo nani aliupanga? Wengi watadhani ni maprofesa katika ukumbi wenye kiyoyozi. Msingi wake ulikuwa mahojiano na watu wa kawaida, nyumba kwa nyumba, katika nchi nne: Bangladesh, Indonesia, Peru na Tanzania, kisiwani Pemba; Wamarekani walihojiwa kwa simu, na wengine wakajibu kwa intaneti. Mhojiwa anaelezwa habari za watu wawili, kila mmoja na hali yake, kisha anachagua nani ana afya zaidi. Kwa lugha yetu: kati ya hawa, nani mzima zaidi? Kwa hiyo Wapemba wamo ndani ya tarakimu hizi, na sisi tunazirudisha kwao zikiwa zimevikwa "ulemavu".

Kuhusu "mzigo", sina ugomvi na neno; nina ugomvi na jinsi linavyosikika. Kiunganifu chetu "wa" kina nyuso mbili. Mzigo wa Juma ni mali ya Juma. Mzigo wa kuni ni kuni zenyewe, zimefungwa kamba. Mzigo wa maradhi ni wa namna hii ya pili: maradhi ndiyo yaliyofungwa kamba, na mgonjwa ndiye mbebaji. Lakini nyumbani neno hilo lina kovu. "Sitaki kuwa mzigo kwenu," husema mgonjwa wa muda mrefu, na mwajiri asiyependa ruhusa za wagonjwa naye hufikiri hivyo hivyo kimoyomoyo. Msomaji akikuta kichwa cha habari "Wagonjwa wa kipandauso ni mzigo kwa taifa", mbebaji amegeuzwa kuwa furushi. Nimewahi kuiona sentensi ya aina hiyo katika rasimu niliyoletewa niihariri, na aliyeiandika hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

Kitenzi nacho kina mtego. Mwaka 2004 ilianzishwa kampeni ya dunia dhidi ya maumivu ya kichwa, chini ya jina Lifting The Burden. Mfasiri mwenye haraka ataandika "kuinua mzigo". Kwetu, anayeinua mzigo anaanza safari. Hapo ndipo unapomsaidia kwa kumtwisha, ngata ikiwa tayari kichwani. Anayepunguziwa taabu hutuliwa. Tanzania wanalijua hilo vizuri: miradi ya maji ilipewa kaulimbiu ya kumtua mama ndoo kichwani, na hakuna aliyehitaji tafsiri. Basi kampeni hii ni ya kutua mzigo.

Kutua huko kuna vifaa. Propranolol, dawa ya siku nyingi, humezwa kila siku ili mashambulio yapungue, ingawa mwenye pumu haimfai. Sumatriptan, ya kukata shambulio lililokwisha kuanza, iliingia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Shangazi hakuzijua. Alikuwa na vidonge vya duka la dawa ndani ya droo ya cherehani, pamoja na bobini na chaki, akivimeza karibu kila siku, na kichwa kikawa kinauma karibu kila siku. Dawa za kawaida za maumivu zikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, mwezi baada ya mwezi, zenyewe huzaa maumivu ya kichwa.

Ukiwa na droo ya namna hiyo, chukua kalenda ya ukutani. Tia alama kila siku ya kichwa, saa kilipoanza na dawa uliyomeza. Baada ya miezi miwili nenda nayo kituo cha afya, na ukiulizwa unaumwa nini, sema: kipandauso.