Mbung'o wa Mwisho wa Unguja

Uliza nani aliwaondoa mbung'o kisiwani Unguja, na jibu la haraka ni mionzi. Madume waliofanywa tasa kwa mionzi walimwagwa kutoka angani, na nagana, ugonjwa wa mbung'o uliokuwa ukikondesha na kuua ng'ombe, ukatoweka. Simulizi hiyo huanza 1994, ndege zilipoanza kuruka. Je, kabla ya hapo hakuna aliyepambana na mdudu huyu?

Nilianzia Jozani, msitu unaotajwa kuwa ngome yao ya mwisho. Kima punju wapo, wageni wapo, mbung'o hakuna, wala alama ya vita vilivyopiganwa pale. Nje ya msitu nikaambiwa kwamba waliomaliza kazi ni wakata miti: vichaka vilifyekwa, nzi wakakosa kivuli. Hoja ina uzito, kwani mbung'o wa Unguja ni wa vichakani. Lakini Jozani ingali msitu. Mbona wametoweka hata humo?

Nikarudi kwenye ripoti za zamani. Kumbe miaka kadhaa kabla ya ndege, ng'ombe walikuwa wakimiminiwa dawa ya kuua wadudu mgongoni, na vitambaa vyenye dawa vikatundikwa msituni. Nzi walipungua sana malishoni, ila msituni walidumu. Sioni ajabu: mbung'o huyu hufyonza pia damu ya nguruwe pori na paa, na hao hakuna awapakaye dawa. Basi dume tasa aliwezaje kufika pale ambapo dawa haikutosha?

Jibu limo katika uzazi wake. Jike wa mbung'o hatagi mayai. Hulea funza mmoja tumboni na kumzaa kila baada ya siku 9 au 10. Funza hujichimbia udongoni, akabaki humo kama buu kwa takriban mwezi mmoja au zaidi. Na jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu. Akipandwa na tasa, uzao wake umekwisha. Dume naye hahitaji ramani: humtafuta jike popote alipojificha. Mdudu anayezaa kwa uchache hivi hufidia vifo kwa shida, hata nyongeza ndogo ya vifo vya majike huweza kuiangusha idadi yake yote. Wazo la kuutumia udhaifu huo lilitoka wapi?

Simulizi iliyozoeleka inaelekeza Marekani, na kisiwa cha Curaçao, ambako mwaka 1954 madume tasa waliwamaliza nzi wa funza wa vidonda. Nilitaka kuishia hapo. Kisha nikakuta habari za Tanganyika ya miaka ya 1940: mtafiti mmoja aliwaachia mbung'o wa aina moja katika eneo la aina nyingine, akijua kwamba wakipandana uzao hukwama. Hakutumia mionzi hata kidogo. Kwa hiyo siwezi kusema wazo zima liliagizwa kutoka ng'ambo. Lakini kwa nini ushindi uliodumu ukapatikana Unguja, si bara?

Hesabu na bahari, nadhani. Nzi walifugwa Tanga, madume wakapigwa mionzi, na kati ya Agosti 1994 na Desemba 1997 zaidi ya milioni 8 waliachiwa. Idadi ya tasa ilifika zaidi ya 50 kwa kila dume mmoja wa porini. Hilo liliwezekana kwa sababu dawa ilikwisha kuwapunguza wa porini. Ingekuwa vinginevyo, milioni 8 wangemezwa na wingi. Na mkondo wa bahari ukazuia wapya kuvuka. Lakini nani awezaye kuapa kwamba hakubaki hata mmoja?

Hapo ndipo shaka yangu ilipokuwa kubwa, kwa kuwa mbung'o huyu haingii mitegoni kirahisi. Wachunguzi walitegemea vibao vya rangi vyenye gundi, na damu ya ng'ombe kupimwa kama ina vimelea vya nagana. Mbung'o wa porini wa mwisho alinaswa Septemba 1996, na tasa waliendelea kumwagwa zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Subira hiyo inanishawishi kuliko simulizi yoyote. Hukumu yangu ni hii: dawa ilipunguza, tasa wakamaliza, bahari ikalinda. Anayetaka kurudia kazi hiyo bara aanze kwa kutafuta nzi wapya wataingilia wapi, kabla hajajenga maabara.