Bahasha, mkeka na majina matano ya baba

Wale mliosikiliza kipindi cha wiki hii mlinisikia nikisema kwamba baba yangu ndiye mtabiri mbovu kuliko wote hapa Reading. Baba naye alisikiliza. Akanipigia simu, shikamoo yangu akaiitikia kwa mkato, akasema, "Mwanangu, umenianika. Basi angalau waeleze watu kwa nini nilikosea." Haya, naeleza.

Alhamisi, 19 Novemba 2015. Nilikuwa na miaka kumi na tano, navaa viatu vya shule. Baba alikuwa mezani na simu yake, anafuatilia Bunge la Dodoma. Mbele yake palikuwa na bahasha ya bili ya gesi, na nyuma ya bahasha hiyo ameandika majina matano. Mmoja kati ya hao, alisema, ndiye atakuwa Waziri Mkuu wa Rais Magufuli. Majina hayo hakuyaota. Kwa wiki mbili magazeti ya nyumbani yalikuwa na picha zile zile ukurasa wa mbele: fulani anatajwa, fulani anapewa nafasi kubwa, duru za siasa zinasema.

Jina likafika bungeni ndani ya bahasha iliyofungwa. Spika akalisoma: Kassim Majaliwa, mbunge wa Ruangwa, mkoa wa Lindi. Mwalimu kwa taaluma, aliyekuwa naibu waziri TAMISEMI, upande wa elimu. Baba akaangalia karatasi yake, akauliza, "Nani?" Dakika tano baadaye yupo WhatsApp anawaeleza wenzake kwa nini lazima angekuwa Majaliwa.

Nilicheka sana. Ila nilipoanza kusoma historia ya jambo hili, nikaona baba hakuwa peke yake.

Tuanze na Katiba, maana wengi wetu hatukufundishwa. Tanzania, Rais akishaapishwa ana siku 14 za kumteua Waziri Mkuu. Lazima awe mbunge wa jimbo, yaani aliyepigiwa kura na wananchi, na kwa kawaida anatoka chama chenye wabunge wengi. Kisha Bunge linamthibitisha kwa kura. Siku 14, chama kimoja, majimbo yanayojulikana: ukiwa mwandishi wa habari, hapo una kila sababu ya kubahatisha.

Zamani hakukuwa na ubashiri wa magazetini. Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu na kumwachia Rashidi Kawawa. Aprili 1984 Edward Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari, Salim Ahmed Salim ndiye aliyeshika nafasi yake. Magazeti makubwa yalikuwa ya chama na serikali, na redio ilikuwa ya serikali. Gazeti la chama lingethubutuje kumtangulia mwenyekiti wa chama? Tetesi zilikuwepo, lakini ziliishi kwenye vijiwe vya kahawa. Watu waliziita redio mbao.

Miaka ya 1990 mambo yakabadilika. Vyama vingi vikarudi, magazeti binafsi yakazaliwa, na redio mbao ikapata mashine ya kuchapia. Ubashiri ukawa biashara. Lakini je, ulipatia? Mwaka 1995 Rais Mkapa alimchagua Frederick Sumaye, ambaye baba anakiri kwamba kijiweni kwao hakuna aliyemtaja. Mwaka 2005 Rais Kikwete alimteua Edward Lowassa, rafiki yake wa siku nyingi, na hapo baba alipatia (hajaacha kutukumbusha). Februari 2008 Lowassa akajiuzulu kwa sakata la Richmond, na kesho yake tu likatajwa jina la Mizengo Pinda. Wabashiri hawakupata hata muda wa kunoa kalamu.

Sasa turudi 2015, maana mkasa haukuishia kwa Majaliwa. Tarehe 10 Desemba Rais alitangaza Baraza la Mawaziri lakini akaacha nafasi kadhaa wazi, ikiwemo Fedha. Magazeti yakapata karibu wiki mbili za kula na kunywa. Kila mbunge aliyewahi kushika kikokotoo alitajwa. Tarehe 23 Desemba jina likatoka: Dk. Philip Mpango, ambaye hakuwa hata mbunge. Rais ana nafasi 10 za kuteua wabunge, akatumia moja. Leo Watanzania wana neno lao kwa orodha kama hizo: mkeka. "Mkeka umetoka?" ni swali linaloweza kumwamsha baba saa nane usiku.

Msidhani ni mambo ya kwetu tu. Hapa Uingereza, kwa sababu upinzani una baraza kivuli, mara nyingine hakuna cha kubashiri: Julai 2024 kila mtu alijua Rachel Reeves anakwenda Fedha. Lakini tarehe 13 Novemba 2023 waandishi waliokuwa wamesimama nje ya Downing Street walimwona David Cameron anashuka kwenye gari. Hakuwa mbunge, kwa hiyo akapewa ulodi ili aweze kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Baba alipiga makofi. "Unaona? Na wao wana viti vya kuteuliwa!"

Wakenya walichukua njia nyingine. Katiba yao ya 2010 inataka mawaziri wasiwe wabunge, na kila aliyependekezwa apelekwe Bunge la Taifa kuidhinishwa. Aprili 2013 Uhuru Kenyatta alianza na majina manne, akiwemo Amina Mohamed na Fred Matiang'i. Tetesi hazikukoma, lakini baada ya jina kutoka, kazi ilikuwa bado: mteule anakaa mbele ya kamati, anaulizwa maswali. Tanzania, Waziri Mkuu peke yake ndiye anayepigiwa kura bungeni. Mawaziri wengine wakishatajwa, kinachofuata ni kiapo.

Na hapo ndipo ninapogombana na baba kidogo. Ubashiri unatuzoesha kuuliza "nani?" Tunahesabu kanda, dini, urafiki wa zamani, nani alisimama karibu na nani kwenye picha. Jina likishatoka, tunafunga ukurasa. Ile wizara yenyewe, bajeti yake, ahadi iliyoshindwa na aliyetangulia, hatuiulizi. Tunakuwa mahodari wa kusoma uso wa mtu mmoja anayeamua.

Nilimwambia hivyo. Alinyamaza, halafu akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Alipochukua uraia wa Uingereza alipoteza wa Tanzania, kwa kuwa nchi haikubali uraia pacha. Na hata kabla ya hapo, akiwa huku hakuwa na kituo cha kupigia kura. "Wewe una kura yako hapa," alisema. "Mimi kwa kule nimebaki na bahasha ya gesi."

Sikuwa na jibu. Bado ninaamini ubashiri si uraia. Lakini sasa najua kwa nini anaandika "tutapata Waziri Mkuu mzuri" na si "watapata."

Mama, ambaye alikuwa anasikia yote kutoka jikoni, hajawahi kuandika jina hata moja. Kila mkeka ukitoka huuliza swali lile lile: "Na wa Maji ni nani? Huyo ataleta maji kwa dada yangu Mbagala?" Nikamwomba baba, safari ijayo, chini ya majina yake matano aandike na swali la mama. Amekubali, kwa sharti moja: niseme hadharani kwamba mwaka 2005 alipatia.

Nimesema.