Vimondo vya Mirihi: wataalamu watafuta mashimo vilikotoka

Tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka wa 1962, mkulima mmoja wa Zagami, kaskazini mwa Nigeria, alikuwa akifukuza kunguru katika shamba lake la mahindi. Ghafla akasikia mlipuko mkubwa, na kitu kikaanguka mita 3 hivi kutoka aliposimama. Alidhani ni bomu. Akangoja dakika kadhaa kabla ya kusogea, jambo ambalo yeyote aliyeishi karibu na vita ataelewa. Aliposogea akakuta jiwe jeusi ndani ya shimo lenye kina cha sentimita 60. Lilikuwa na uzito wa kilo 18.

Siku ile hakuna aliyejua kwamba jiwe hilo limetoka sayari ya Mirihi, ile ambayo shuleni huitwa Mars. Ikumbukwe kwamba mengine yalikwisha kuanguka kabla yake: Chassigny nchini Ufaransa mwaka wa 1815, Shergotty nchini India mwaka wa 1865, na Nakhla nchini Misri mwaka wa 1911. Hayo nayo yalihifadhiwa miaka mingi bila kujulikana asili yake.

Kilichofungua fumbo ni hewa. Mwaka wa 1976 vyombo viwili vya Marekani, Viking 1 na Viking 2, vilitua Mirihi na kupima hewa ya huko. Mwaka wa 1983 Donald Bogard na Pratt Johnson walitangaza vipimo vya gesi iliyofungwa ndani ya jiwe lililookotwa kwenye barafu ya Antaktika, la ukoo mmoja na lile la Zagami. Gesi hiyo ilifanana na hewa ya Mirihi.

Lakini kujua sayari si kujua mahali. Ukiambiwa tu kwamba mtu ametoka Kongo, bado hujajua kama ni wa Uvira, Mbandaka au Boma.

Jiwe haliwezi kutoka Mirihi lenyewe. Lazima sayari igongwe na mwamba kutoka angani, kwa nguvu ya kurusha vipande kwa mwendo wa kilomita 5 kwa sekunde. Vikiwa njiani, miale ya anga huacha alama ndani yake, na kwa alama hizo wataalamu huhesabu muda wa safari. Mawe ya kundi la Nakhla yaling'oka miaka milioni 11 hivi iliyopita. Basi linatafutwa shimo lenye umri huo, katika sayari iliyojaa mashimo.

Shimo changa huzungukwa na vishimo vingi, vilivyochimbwa na vipande vilivyorudi chini. Muda ukipita, vishimo hivyo hufutika. Anthony Lagain wa Chuo Kikuu cha Curtin, Australia, na wenzake waliifundisha kompyuta kuvitambua, ikahesabu milioni 90. Mwaka wa 2021 walitaja shimo la Tooting, katika eneo la volkano za Tharsis. Mwaka wa 2022 wakataja Karratha, kusini mwa Mirihi, kuwa chanzo cha jiwe jeusi la Sahara lenye chembe za zaidi ya miaka bilioni 4.4. Hapo ndipo penye faida: umri wa jiwe unakuwa umri wa ardhi inayojulikana ilipo.

Mwaka wa 2024 kundi la Christopher Herd wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, liliunganisha vimondo 200 na mashimo matano ya Tharsis na Elysium. Makisio hayo yana nguvu, lakini hakuna aliyechukua jiwe kutoka Tooting au Karratha kulinganisha. Gari la Perseverance, lililotua mwaka wa 2021, lilikusanya mawe katika shimo jingine, Jezero, na bado hayajaletwa duniani.