Kitendawili (Singida)

Kitendawili ni mchezo wa maneno ambapo mtegaji hueleza kitu kwa mafumbo na wenzake hukisia jina lake. Katika Mkoa wa Singida, Tanzania ya kati, mchezo huu unachezwa kwa Kiswahili na pia una nafasi yake katika lugha za wenyeji, zikiwemo Kinyaturu, ambacho wenyewe hukiita Kirimi, na Kinyiramba. Zote mbili ni lugha za Kibantu.

Mtegaji huita, "Kitendawili!" Hadhira hujibu, "Tega!" Akisema, "Nyumba yangu haina mlango," jibu ni yai. Wakishindwa, mtegaji hudai apewe mji. Hapa ndipo utamu wa mchezo ulipo: mtegaji aliyepewa mji, tuseme Manyoni au Kiomboi, husimulia safari yake ya huko, alivyopokelewa na alichokula, kisha ndipo hutoa jibu. Kwa hiyo anayetega vizuri lazima awe pia msimulizi mzuri.

Jamaa wa mbali wa kitendawili ni Balderdash, mchezo uliotoka Kanada mwaka 1984, ambao wachezaji hutunga maana za uongo za maneno adimu ili kuwahadaa wenzao. Kitendawili hakidanganyi, maelezo yake ni ya kweli, ila yamefichwa.

Vitendawili vya Kirimi na Kinyiramba vinastahili kurekodiwa vikisemwa na wazee wenyewe, pamoja na masimulizi ya miji. Mwenye bibi au babu anayevijua na aanze leo.