Kinga ya Mdeni: Habari za Bima ya Mikopo Katika Uingereza

Katika Uingereza, hasa baina ya mwaka 1990 na mwaka 2010, ziliuzwa hati za bima zikadiriwazo kufika milioni 64 ambazo kazi yake ilikuwa moja, nayo ni kumlipia mkopaji deni lake iwapo ataugua, ataumia, atafariki au ataondolewa kazini. Idadi hiyo yashinda idadi ya watu wazima wote wa nchi ile. Wengi walikuwa na hati mbili au tatu, moja kwa kila deni, na si haba waliokuwa nayo bila ya kujua kuwa wanayo. Waingereza waliiita kwa herufi tatu, PPI. Kwa Kiswahili yatosha kuiita bima ya mkopo. Namna bima hiyo ilivyouzwa, na namna fedha zake zilivyodaiwa hata zikarudishwa, ni mambo yaliyoingia katika historia ya sheria kwa sababu ya swali moja lililobishaniwa mbele ya majaji mara kwa mara: je, mtu aliyetimiza kanuni zote zilizoandikwa aweza kuhesabiwa kuwa amedhulumu?

Wazo la asili halikuwa ovu. Mwanasheria wa Marekani, Arthur Morris, aliyeanzisha mwaka 1910 benki ya kuwakopesha wafanyakazi wasio na mali ya kuweka rehani, aliongeza mwaka 1917 kampuni ya bima ili mkopaji akifa deni lisiwaangukie wajane na wadhamini wake. Kwa mtu wa mshahara mdogo huo ulikuwa wema wenye hesabu nzuri, maana mkopeshaji alipata fedha zake na jamaa za marehemu walibaki na nyumba yao. Bima ya mkopo iliyoanza kuenea Uingereza katika miaka ya 1970 ilichukua sura hiyo hiyo. Lililoiharibu ni bei yake na njia ya kuiuza.

Aliyekuwa akiiuza hakuwa kampuni ya bima, bali benki iliyotoa mkopo. Mteja alifika kutafuta fedha, naye karani akamtia bima katika hati ile ile ya mkopo, saa ile ile, wakati ambapo mawazo ya mteja yalikuwa juu ya kukubaliwa au kukataliwa. Hakuna mtu aliyetembea toka duka hadi duka kulinganisha bei ya kitu ambacho hakukitoka nyumbani kukinunua. Kwa hiyo kampuni za bima hazikushindana kumpendeza mnunuzi. Zilishindana kuipendeza benki, na njia ya kuipendeza ni kuizidishia kamisheni. Wastani wa kamisheni hiyo baadaye ulihesabiwa kuwa asilimia 67 ya ada aliyolipa mteja. Katika kila pauni 3, basi, takriban 2 hazikununua kinga yoyote.

Palikuwa na jambo jingine lililozidi hilo kwa madhara, nalo ni ada ya mkupuo. Mathalani mtu akikopa pauni 5,000 na bima ikapangiwa pauni 1,000, hakuitoa fedha hiyo mfukoni. Iliongezwa juu ya mkopo, akaandikiwa deni la pauni 6,000, na riba ikahesabiwa juu ya zote. Alilipa riba kwa ajili ya kinga ya kumlinda na riba. Mara nyingine mkopo ulikuwa wa miaka 10 na bima ya miaka 5 tu, kwa hiyo nusu ya pili ya safari mdeni aliendelea kulipia mwavuli uliokwisha kuchukuliwa. Katika kadi za mkopo hesabu ilikwenda kwa mwezi: ada ilipimwa kwa ukubwa wa deni, ikatiwa katika deni lenyewe, na mtu aliyezidi kuzama ndiye aliyezidi kutozwa.

Ama waliouziwa, wengi wao wasingeweza kulipwa hata siku moja. Mzee aliyestaafu aliuziwa bima ya kupoteza kazi. Fundi aliyejiajiri mwenyewe aliuziwa bima iliyowahusu walioajiriwa na wengine. Mgonjwa wa maradhi ya siku nyingi aliuziwa bima ambayo, katika maandishi madogo ya ukurasa wa mwisho, iliyatoa maradhi yale yale katika hesabu. Wengine waliambiwa kwamba pasipo bima hapana mkopo, jambo ambalo halikuwa kweli. Na wengine hawakuambiwa lolote, walikuta alama imekwisha kuwekwa katika kisanduku cha kukubali. Si haki kumtupia karani lawama yote. Katika mabenki mengi karani alipimwa kazi yake kwa idadi ya hati alizouza, naye alikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa kama mteja wake.

Malalamiko ya mtu mmoja mmoja hayakufua dafu kwa miaka mingi. Mwezi wa Septemba 2005 shirika la Citizens Advice, ambalo huwapa watu mashauri bila ya malipo, lilitumia sheria ya mwaka 2002 iliyoruhusu vyama vya kutetea wanunuzi kupeleka malalamiko makuu kwa serikali, yaani malalamiko juu ya soko zima na si juu ya duka moja. Uchunguzi ukafuata, ukapelekwa mwaka 2007 mbele ya Tume ya Ushindani, na mwaka 2009 Tume ikaamua kwamba benki isiuze bima siku ile ile itoapo mkopo. Benki ya Barclays ilikata rufani na amri ikachelewa, lakini haikufutika. Mwaka huo wa 2009 ada ya mkupuo juu ya mikopo isiyo na rehani ilikomeshwa pia. Wakati huo huo Mamlaka ya Huduma za Fedha iliwatoza wauzaji kadhaa faini, kubwa kuliko zote ikiwa pauni milioni 7 kwa benki ya Alliance & Leicester mwaka 2008. Yote hayo yalizuia uovu wa kesho. Fedha zilizokwisha kuchukuliwa zilikuwa bado mikononi mwa waliozichukua.

Hapo ndipo swali la kanuni na haki lilipotokeza. Mwezi wa Agosti 2010 Mamlaka ilitangaza utaratibu wa namna benki zipaswavyo kuyapima malalamiko ya zamani. Ziliambiwa zisitazame tu kama karani alifuata kanuni ndogo za uuzaji, bali pia kama mteja alitendewa kwa haki na uaminifu. Na zikiona kasoro iliyojirudia, ziwafikirie hata wateja ambao hawakulalamika. Chama cha Mabenki ya Uingereza kilikwenda Mahakama Kuu kupinga. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi, na yafaa ielezwe kwa ukamilifu. Walisema kwamba Mamlaka yenyewe ilitunga kanuni za kina juu ya uuzaji wa bima. Kwamba aliyezifuata alikuwa na haki ya kuamini kuwa ametimiza wajibu wake. Na kwamba misingi mipana, kama ule wa kumtendea mteja kwa haki, haikuwekwa ili mtu adai fidia kwayo. Kuitumia misingi hiyo baada ya miaka, walisema, ni kubadili sheria ya mchezo baada ya mchezo kwisha.

Jaji Ouseley alitoa hukumu tarehe 20 Aprili 2011, nayo iliwaangukia mabenki. Alieleza kwamba misingi si pambo lililowekwa juu ya kanuni. Ndiyo chimbuko lake, nazo kanuni ni matawi tu. Tawi haliwezi kuukana mti. Isitoshe, sheria ya mwaka 2000 ilimwagiza Msuluhishi wa malalamiko ya fedha aamue kwa kufuata lililo la haki na la busara katika hali zote za shauri, wala haikumfunga katika kanuni ndogo peke yake. Tarehe 5 Mei benki ya Lloyds ilijitenga na wenzake ikatenga pauni bilioni 3.2 kwa ajili ya fidia, na siku 4 baadaye chama kikatangaza kuwa hakitakata rufani. Kiasi kilichotengwa kilionekana kikubwa kupita kiasi wakati ule. Kabla mambo hayajesha Lloyds peke yake ililazimika kutenga zaidi ya pauni bilioni 21.

Ingedhaniwa kwamba ubishi ulikwisha. Lakini mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Mahakama ya Rufani iliamua shauri la mume na mke dhidi ya kampuni ya Black Horse, ambalo kamisheni yake ilikuwa asilimia 87 ya ada nao hawakuambiwa. Sheria ya mikopo iliruhusu mahakama kuuvunja au kuurekebisha uhusiano usio wa haki baina ya mkopeshaji na mkopaji. Mahakama ilikiri kwamba kiasi kile chashtusha. Hata hivyo, maadamu kanuni hazikudai kamisheni itajwe, haikuona dhuluma ndani ya kuificha. Mti na tawi vilikuwa vimegeuzwa tena.

Jibu la mwisho lilitoka Mahakama ya Juu tarehe 12 Novemba 2014, katika shauri la Plevin dhidi ya Paragon. Mkopaji alikuwa mwanamke mjane aliyekopa pauni 34,000 mwaka 2006. Ada ya bima ilikuwa pauni 5,780. Katika hizo, dalali alichukua 1,870, mkopeshaji akachukua 2,280, na kampuni ya bima, iliyobeba hatari yote, ikapata 1,630. Mkopaji alikuwa amearifiwa kwamba kamisheni italipwa. Kiasi chake ndicho kilichonyamaziwa. Jaji Sumption alisema kwamba kutimiza kanuni za uuzaji na kuwa na uhusiano wa haki ni mambo mawili yanayopimwa kwa mizani mbili. Kamisheni ndogo yaweza kunyamaziwa pasipo kosa, lakini ipo mahali inapovuka mpaka, na asilimia 71.8 ilikuwa imeuvuka mpaka huo mbali sana. Mtu mwenye akili timamu angejua kuwa zaidi ya theluthi mbili za fedha yake ni ujira wa watu wa kati, je, asingejiuliza kama kitu hicho chastahili kununuliwa? Kunyimwa nafasi ya kujiuliza ndiko kulikokuwa dhuluma, na uamuzi wa mwaka 2011 ukatenguliwa.

Ukidai fidia, njia ilikuwa nyepesi kuliko ilivyodhaniwa. Mdai aliandika barua kwa benki. Benki ilikuwa na wiki 8 za kujibu. Asiporidhika alikwenda kwa Msuluhishi bure. Madai yakikubaliwa alirudishiwa ada, na riba iliyotozwa juu yake, kisha akaongezewa asilimia 8 kwa mwaka kwa ajili ya muda aliokaa bila ya fedha yake. Aliyekuwa bado na malimbikizo ya deni aliweza kuona fidia yake ikikatwa kulilipa deni lile, naye hakushika kitu mkononi.

Wepesi huo haukuwazuia watu wa kati kuzaliwa upya. Yalizuka makampuni ya kudai kwa niaba ya wengine, yakapiga simu majumbani usiku na mchana, yakatoza robo ya fidia au zaidi kwa kazi ya kuandika barua moja, hata sheria ikawawekea mwaka 2018 kikomo cha asilimia 20. Waliokuwa wamekatwa kamisheni wakati wa kuuziwa walikatwa tena wakati wa kurudishiwa. Makampuni hayo yalilaumiwa sana, na kwa haki. Walakini yaliwafikia watu wengi ambao barua za benki hazikuwafikia, na benki nazo hazikuwa na pupa ya kulipa. Mwaka 2015 Lloyds ilitozwa faini ya pauni milioni 117 kwa sababu, kwa muda wa mwaka na zaidi kuanzia Machi 2012, wapokeaji wa malalamiko walikuwa wameagizwa wachukulie kwamba utaratibu wa uuzaji wa benki ulikuwa sahihi. Hoja iliyoshindwa mahakamani ilikuwa imeingia ofisini kwa mlango wa nyuma.

Mamlaka ya Maadili ya Fedha, iliyorithi kazi mwaka 2013, iliweka tarehe 29 Agosti 2019 kuwa siku ya mwisho ya kudai, ikawatangazia watu kwa sanamu ya kichwa cha mcheza sinema Arnold Schwarzenegger kikizungukazunguka na kuwahimiza waamue. Gharama ya tangazo, pauni milioni 42, ilibebwa na mabenki. Hesabu ilipofungwa zilikuwa zimelipwa zaidi ya pauni bilioni 38 tangu mwaka 2011.

Mlango wa mahakama, hata hivyo, haukufungwa siku ile. Wakopaji wawili wa kadi za Royal Bank of Scotland walidai kwa kuitegemea hukumu ya Plevin. Walikuwa wameacha kulipia bima miaka mingi kabla kadi zao hazijakwisha. Benki ikajibu kwamba miaka 6 ya kudai ilipita zamani. Mwezi wa Oktoba 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba uhusiano baina ya mkopeshaji na mkopaji hupimwa siku uishapo, wala si siku ada ya mwisho ilipolipwa, na kwamba benki iliyokaa na siri ya kamisheni yake miaka yote hiyo ilikuwa bado haijaiondoa dhuluma siku kadi zilipofungwa. Wakopaji wale wakashinda.